MWANANGU, UMEKULA?
Fundisho juu ya mashini inayosema kwa sauti ya marehemu

Masomo ya kusoma nyumbani: Kumbukumbu la Torati 18:9-14, 1 Samweli 28:3-25, Mhubiri 12:1-7, Luka 24:36-43, 1 Wakorintho 15:35-49.

Sisi mashemasi wenu wa Kapata twawasalimu wote, wa hapa kwetu na wa makusanyiko mengine ya Kolwezi, wagonjwa walio vitandani, wajane, na wale watakaosoma karatasi hii wakiwa wamerudi kutoka shimoni na udongo ungali mikononi.

Neno la leo hatukulitafuta. Lilikuja lenyewe mlangoni. Siku moja ya Mungu, mangaribi, nyuma ya maombi, wengine wote wamekwisha kuvaa viatu na kwenda, mama mmoja mjane alibaki ameketi kwenye benchi. Mkononi alikuwa na telefone, ameifunga ndani ya kitambaa cha kichwa kama mtu afungavyo feza. Wengi wenu mwamjua, lakini jina lake hatutaliandika. Mtoto wake wa kwanza alikuwa mchimbaji. Udongo ulimwangukia wakati wa mvua. Walipomtoa, uso haukutambulikana tena. Mama alimjua kwa kovu la mkono wa kushoto, kovu la moto, aliloungua alipokuwa mtoto mdogo, siku aliyoangusha chungu cha bukari jikoni. Tulikuwapo. Sisi wenyewe tulimzika.

Katika telefone ile mlikuwa na sauti ambazo mtoto alikuwa akimtumia mama yake: leo nitachelewa, mama nunulia watoto sabuni, mama usinifungie mlango. Mjukuu wake, anayesoma Lubumbashi, alikuja likizo. Akazitwaa zile sauti, akazitia katika programu ya akili ya mashini, na programu ikajifunza kusema kama marehemu. Alifanya kwa kumpenda nyanya yake, hakufanya kwa ubaya. Na mama alipoipokea telefone, aliiuliza swali ambalo kila mama wa Kapata amwuliza mwanawe anapoingia nyumbani: “Mwanangu, umekula?”

Na ile sauti, sauti ya mwanawe kabisa, ikajibu: “Ndiyo mama, nimekula vizuri, usihangaike.”

Siku tatu mama hakulala. Ndipo akatuuliza: “Baba shemasi, huyu ni mwana wangu ao si mwana wangu?”

Wapendwa, siku ile hatukumjibu vizuri. Mmoja wetu alisema kwa haraka kwamba hiyo ni kazi ya Shetani, azime telefone na aende nyumbani. Mama akainamisha kichwa, akalia. Tukaona kwamba alituomba mkate nasi tumempa jiwe. Kwa hiyo tumeomba, tumesoma, tumewauliza wenye elimu, na leo twajibu mbele ya kusanyiko lote, kwa maana swali hili halitabaki katika nyumba moja.

1. MAFUNDISHO HAYA YATOKA WAPI

Vijana wetu wamekwisha kuyasikia. Wazee wajue pia. Kuna watu wenye elimu kubwa na mali nyingi wafundishao kwamba mtu ni mawazo yake na kumbukumbu zake tu, na mwili ni kama chombo cha kuchukulia. Basi wasema: tukipata njia ya kuyasoma yote yaliyo ndani ya ubongo na kuyaandika katika kompyuta, mtu ataishi humo bila kufa.

Mtu wa Marekani aitwaye Ray Kurzweil, mvumbuzi wa mashini, aliandika katika kitabu cha mwaka 2005 kwamba karibu mwaka 2045 akili ya wanadamu itaungana na akili ya mashini. Tajiri mmoja wa Urusi, Dmitry Itskov, alianzisha mwaka 2011 mpango mzima ulioitwa kwa hesabu ya mwaka ule, 2045, akitaka nafsi ya mtu ihamishwe katika mwili usio wa nyama.

Tusiwacheke. Tulipotafuta habari za huyo Kurzweil tulikuta jambo lililotunyamazisha. Baba yake, Fredric, alikuwa mwanamuziki, akafa mwaka 1970. Mwana alihifadhi masanduku ya barua na makaratasi ya baba yake miaka mingi, akitumaini kwamba siku moja mashini zitamrudisha. Baadaye ikafanyizwa programu inayojibu maswali kwa maneno yaliyotoka katika maandishi ya yule marehemu. Mwaona, ndugu? Chini ya elimu ile yote kuna mtoto anayemlilia baba yake. Yeye na mama yetu wa Kapata wameketi kwenye benchi moja.

Je, wamefika wapi? Mwaka 1986 wenye elimu walimaliza kuchora ramani ya neva za mnyoo mdogo sana, wa urefu wa milimeta moja, mwenye chembe za neva 302. Mwaka 2024 wakatangaza ramani ya ubongo wa inzi mdogo wa matunda, chembe karibu 139,000. Ubongo wa mtu una chembe karibu 86,000,000,000. Kazi yao ni kubwa nasi twaiheshimu, kwa maana Mungu ndiye aliyempa mtu akili ya kuchunguza. Lakini ramani ni ramani. Ramani ya Kolwezi yaonyesha barabara zote, hadi Kapata na ziwa Malo, lakini ndani ya ile karatasi hakuna hata mtu mmoja anayepika sombe.

2. WAZEE WETU WALIJUA KUHIFADHI KUMBUKUMBU

Mtu asifikiri kwamba hamu hii ilianza na kompyuta. Baluba, ambao wengi wetu tumetoka kwao, walikuwa na ubao uitwao lukasa. Ni ubao mdogo wa kushika mkononi, umepambwa kwa shanga na simbi na alama zilizochongwa. Watu wa chama cha Bambudye walifundishwa kuusoma kwa kidole: ushanga huu ni mfalme, huu ni safari, huu ni mahali patakatifu. Kwa ubao ule walisimulia habari za Nkongolo Mwamba, za Mbidi Kiluwe, za Kalala Ilunga, na kizazi hata kizazi habari hazikupotea.

Leo lukasa nyingine zimewekwa ndani ya vioo katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Ziko kimya. Shanga zipo, mbao zipo, lakini aliyejua kuzisoma hayupo. Kumbukumbu haikuwa ndani ya ubao peke yake. Ilikuwa katika mtu aliye hai, aliyeshika ubao mbele ya watu wengine walio hai. Na hata alipousoma vizuri sana, hakuna Mluba aliyesema kwamba Kalala Ilunga ameingia ndani ya ubao.

Tena kwa Walunda, mtu akifa, mrithi wake huchukua jina lake na kiti chake. Kijana aweza kuitwa babu, na wazee wakamwita hivyo kwa heshima, kwa sababu amesimama mahali pa babu. Ni desturi yenye hekima, yaufanya ukoo usivunjike. Lakini je, siku ile ya kurithi, wajane waliacha kulia? Hapana. Jina limepata mtu, na aliyekufa amekufa. Wazee wetu waliweza kushika mambo hayo mawili pamoja bila kudanganyana.

3. YALE YA FOTOKOPI

Mtu atauliza: na kama siku moja wataweza kunakili yote, pasipo kuacha hata wazo moja, je, huyo hatakuwa mtu yule yule?

Mwajua zile mashini za fotokopi katika mji. Unaleta karte yako ya uchaguzi, mwenye mashini anaiweka juu ya kioo, mwanga unapita, karatasi inatoka. Sura yako imo, jina lako limo, tarehe ya kuzaliwa imo. Lakini karte yako imebaki juu ya kioo. Haikuhama. Ukiichukua na kuichoma moto, fotokopi haitaiponya na moto.

Vivyo hivyo na mtu. Kama mashini ingenakili akili ya ndugu yetu leo akiwa mzima, yule ndugu angesimama kando ya mashini akiisikiliza ikisema kwa jina lake, naye angesikia njaa yake mwenyewe, na kesho angekufa kifo chake mwenyewe. Kilichobaki kingekuwa nakala yenye kusema. Mhubiri 12 yatufundisha kwamba siku ya kufa mavumbi yarudi ardhini yalikotoka, na roho yaenda kwake aliyeitoa. Roho haibaki juu ya kioo ikingoja kunakiliwa. Ina mwenyewe.

4. UZIMA UNAOTEGEMEA UMEME NA KOBALTI

Sasa twasema kama watu wa Lualaba. Tuko karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa juu ya mto wetu ili yatoe umeme, na hata hivyo ni mausiku mangapi tumesoma Neno kwa mshumaa? Sisi twajua kuliko wengine uzima ule ni uzima wa namna gani, ambao umeme ukikatika nao umekatika. Mtu aliyekimbia kaburi akaingia katika mashini hajapata umilele. Amepata bwana mpya: mwenye mashini, anayelipa umeme, anayeweza kuizima siku mali inapoisha.

Na hizo mashini zafanyizwa na nini? Nyaya zake ni shaba. Betri za telefone nyingi zina kobalti. Katika miaka hii ya karibuni, zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani imetoka Kongo, na sehemu kubwa sana katika udongo huu tunaoukanyaga. Mwajua bei yake nyingine, isiyoandikwa sokoni. Mwezi wa Juni mwaka 2019, udongo wa mgodi wa KOV uliwaangukia wachimbaji, wakafa zaidi ya 40. Na mashimo madogo yasiyo na jina yameua wangapi, Mungu ndiye anayewahesabu.

Basi tazameni jambo hili kwa utulivu. Watu wa mbali wataka wasife, na mashini za kuwasaidia wasife zatoka katika mashimo ambamo watoto wetu wanakufa kabla ya wakati. Mtoto wa yule mama alichimba jiwe, jiwe likaenda ng'ambo ya bahari, likarudi likiwa betri ya telefone, na telefone ikamwambia mama yake: nimekula vizuri, usihangaike. Siku nyingi alizoshuka shimoni alikuwa hajala.

Mafundisho yasemayo kwamba mwili ni chombo tu hayawezi kuwa mema kwa mchimbaji. Kwa maana kama mwili ni chombo tu, basi aliyevunjwa mwili hajapoteza kitu, na hakuna mtu wa kuulizwa juu ya damu yake. Lakini Mungu alimwuliza Kaini.

5. TUJIPIME SISI WENYEWE

Maandiko yamekataza kuwauliza wafu, na hilo hatulibadilishi. Lakini kabla ya kuihukumu mashini, tuseme ukweli katika nyumba yetu. Je, hakuna kati yetu waliosimama kwenye kilio na kusema kwamba marehemu amewatokea, anataka hiki, anamlaumu fulani, leteni feza ao leteni mbuzi? Yule mjukuu alitumia telefone. Wengine wametumia vazi jeupe. Mtume Paulo aliwafundisha Wathesalonike wasiudharau unabii, tena wajaribu yote. Yote ni pamoja na yetu. Mtu yeyote, ao kitu chochote, kinachotia neno jipya katika kinywa cha mtu aliyekufa, kinamshuhudia uongo jirani asiyeweza kujitetea. Ndiyo amri ya tisa.

Kumbukeni Sauli. Yeye mwenyewe alikuwa amewafukuza waaguzi katika nchi, kisha alipoogopa akajigeuza sura, akaenda Endori usiku. Alipata alichotafuta, na kilimwangusha chini kifudifudi. Sauti ya Samweli haikumpa nguvu hata kidogo. Lakini someni hadi mwisho wa sura ile, wengi huishia katikati. Sauli alikuwa hajala mchana kutwa na usiku kucha. Na yule mwanamke, ambaye kazi yake tunaikataa, alimwona mtu mwenye njaa mbele yake. Akachinja ndama, akakanda unga, akaoka mkate, akamlisha. Katika usiku ule wote wa giza, jambo jema lilikuwa moja: chakula kilichotolewa na mtu aliye hai kwa mtu aliye hai.

6. BWANA ALIOMBA CHAKULA

Hapa ndipo tulipopata jibu la mama yetu. Fungueni Luka 24. Bwana amefufuka, anasimama katikati ya wanafunzi, nao wanaogopa, wanadhani wameona roho. Sauti ni yake, wanaijua. Lakini sauti haikutosha, na Bwana hakuwagombeza kwa kuwa haikuwatosha. Aliwaonyesha mikono na miguu. Kisha aliwauliza kama wana kitu cha kula. Wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akakila mbele ya macho yao.

Fikirini, wapendwa. Yeye aliyeshinda mauti angeweza kutoa hotuba. Angeweza kuwakumbusha mambo yote waliyotenda pamoja Galilaya, ili wajue kwamba kumbukumbu zake hazikupotea. Alikula samaki. Na mikono aliyowaonyesha ilikuwa na makovu. Mungu angeweza kuyafuta, na hakuyafuta.

Kwa hiyo sisi tunaamini ufufuo wa mwili, wala hatuamini kuhifadhiwa kwa mawazo. Paulo aeleza kwa mfano wa mbegu: kinachopandwa na kinachoota si vya sura moja, lakini ni shamba lile lile na mkono ule ule wa Mpanzi. Tunangoja siku ambayo mama atamjua mwanawe tena kama alivyomjua siku ile ya msiba, na safari hii atakapomwuliza kama amekula, atajibiwa na aliyekula.

7. JIBU LETU NA KAZI YETU

Mama yetu, tulikukosea, utusamehe. Jibu letu ni hili. Sauti alizokutumia mwanao mwenyewe, akiwa hai, ni maneno yake. Uyahifadhi, uyasikilize unapomkumbuka, hakuna dhambi ndani yake. Lakini maneno ambayo mashini imeyatunga baada ya kifo chake si yake. Hayana mwenyewe. Usiyaulize kitu, usiyangojee, usiyape mahali pa mwanao. Mwanao hayumo ndani ya telefone. Yumo mkononi mwa Mungu, na mwili wake unalala katika udongo tuliouombea.

Tulipomwambia hayo nyumbani kwake, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: “Nimesikia, baba. Lakini mangaribi ikifika nitamwuliza nani?”

Hatukuwa na neno. Nasi twaandika hivyo ili mjue kwamba swali la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza, na halikuwa swali la mashini. Mwaka mzima baada ya mazishi, sisi kusanyiko tulimwacha mama huyu na telefone. Tulikula naye siku za kilio, kisha tukarudi kila mtu kwake. Mahali ambapo watu walio hai wameacha kuketi, sauti isiyo na mtu imeketi.

Basi yatupasa kutenda haya. Kwanza, kila familia itoe siku moja ya kula pamoja na mjane ao mzee aliyefiwa, na mashemasi watapanga zamu. Vijana wapeleke maji na makaa, na wale nao. Pili, ninyi mliosoma, msifanye sauti ya marehemu iseme maneno mapya, hata kwa huruma, wala msimtumie aliyefiwa kitu cha namna hiyo. Tatu, yeyote anayeleta ujumbe wa marehemu, aulete mbele ya wazee upimwe, na asipokee feza. Nne, ninyi mnaoshuka shimoni, mwambieni mama yenu kwa kinywa chenu, leo, yale mnayotaka ayakumbuke.

Mama angali na telefone yake. Hatukumnyang'anya. Juma lililopita tulipokwenda kwa zamu ya kwanza, tulikuta amepika bukari nyingi kuliko kawaida. Kijana wetu mmoja, aliyetoka shimoni bila kunawa vizuri, aliingia nyuma yetu. Mama akamtazama mikono, akamwuliza: “Na wewe, umekula?” Akasema: “Hapana, mama.” Akamwekea.

TUOMBE. Ee Mungu Baba, wewe uliyemfinyanga mtu kwa udongo na kumpulizia pumzi, uwatunze wote walio chini ya udongo wa nchi hii, waliokufa na walio hai. Utuondolee tamaa ya kuwashika wafu, na uvivu wa kuwaacha walio hai. Tufundishe kungoja siku yako tukiwa pamoja mezani. Kwa jina la Mwana wako, aliyekufa, akafufuka, akala mbele ya rafiki zake. Amina.

Sisi mashemasi wenu katika kazi ya Bwana,
Kapata, Kolwezi